Asilimia ni ya nini? Hesabu ndogo inayowagharimu wengi

HAKUNA hesabu ya shule ya msingi inayomfuata mtu hadi uzeeni kama hesabu ya asilimia. Mkulima wa nyanya huko Kimana, Kaunti ya Kajiado, hukutana nayo dalali anapokata ada yake. Mfanyakazi anayeishi Kitengela, upande wa pili wa kaunti hiyo, huiona kila mwisho wa mwezi katika hati yake ya mshahara. Mfugaji huisikia redioni wakati wa kiangazi, na mpiga kura huisubiri kwa hamu matokeo ya uchaguzi yanapotangazwa.

Licha ya hayo, ni hesabu inayowakanganya watu wengi, wakiwemo waliofaulu mitihani yao vizuri. Mwanafunzi hukariri kwamba anapaswa kugawanya kisha azidishe kwa mia, akapata alama zake na kusonga mbele. Miaka kumi baadaye anatia sahihi mkataba wa mkopo bila kufahamu atalipa kiasi gani.

Aghalabu tatizo si kugawanya wala kuzidisha. Tatizo ni kwamba watu hutaja asilimia bila kuuliza swali la kwanza kabisa: asilimia hiyo ni ya nini?

Maana ya asilimia

Asilimia ni sehemu ya kitu kizima baada ya kitu hicho kugawanywa katika mafungu mia moja yaliyo sawa. Neno lenyewe limebeba "mia" ndani yake. Alama yake, %, ilitokana na ufupisho uliotumiwa na wafanyabiashara wa Italia katika daftari zao za hesabu karne kadhaa zilizopita, walipochoka kuandika kwa urefu "kwa kila mia".

Kwa hivyo, asilimia 25 ni mafungu 25 kati ya 100, yaani robo. Asilimia 50 ni nusu, na asilimia 75 ni robo tatu. Kwa desimali, hizo ni 0.25, 0.5 na 0.75. Ni kitu kimoja kilichovishwa nguo tatu tofauti.

Jamii zetu zimekuwa zikiitumia hesabu hii hata pasipo kuitaja. Mkristo anayetoa fungu la kumi hutoa asilimia 10 ya mapato yake. Mwislamu anayetoa zaka ya fedha hutoa sehemu moja katika arobaini, ambayo ni asilimia 2.5.

Sababu ya kutumia mia ni kurahisisha ulinganishaji. Mwanafunzi aliyepata alama 36 kati ya 40 katika Hisabati na alama 40 kati ya 50 katika Kiswahili anaweza kudhani kwamba amefanya vyema zaidi katika Kiswahili, kwa kuwa 40 ni kubwa kuliko 36. Lakini 36 kati ya 40 ni asilimia 90, ilhali 40 kati ya 50 ni asilimia 80. Mtihani wa Hisabati ndio alioufanya vyema zaidi.

Maswali matatu ya darasani

Takriban maswali yote ya asilimia katika shule za msingi ni ya aina tatu. Anayezitambua aina hizo amemaliza nusu ya kazi.

Aina ya kwanza ni kutafuta sehemu. Tuseme mkulima wa Kimana amevuna kreti 80 za nyanya, na asilimia 15 zikaharibika kabla ya kufika sokoni. Ni kreti ngapi zilizoharibika? Hapa kiasi kizima kinajulikana, nacho ni 80. Tunazidisha 80 kwa 15 kisha tunagawanya kwa 100. Jibu ni kreti 12.

Hesabu hii inaweza kufanywa kichwani. Asilimia 10 ya 80 ni 8. Asilimia 5 ni nusu ya hiyo, yaani 4. Ukijumlisha 8 na 4 unapata 12. Mtoto aliyezoea kuanza na asilimia 10 hatababaika hata akinyimwa kalamu.

Aina ya pili ni kutafuta asilimia yenyewe. Mkulima aliatika miche 1,200 ya vitunguu, na 180 ikakauka. Je, ni asilimia ngapi iliyokauka? Tunagawanya 180 kwa 1,200 kisha tunazidisha kwa 100. Jibu ni asilimia 15.

Aina ya tatu, ambayo huwatatiza wengi, ni kutafuta kiasi kizima. Dalali amemuuzia mkulima mazao yake, akakata ada ya asilimia 10 ya mauzo, kisha akamkabidhi Sh18,000. Mazao yaliuzwa kwa bei gani?

Wengi hutafuta asilimia 10 ya Sh18,000, ambayo ni Sh1,800, wakaijumlisha na kupata Sh19,800. Jibu hilo si sahihi. Ada haikukatwa kwa Sh18,000, bali ilikatwa kwa bei kamili ya mauzo. Sh18,000 ni asilimia 90 ya bei hiyo. Kwa hivyo tunagawanya 18,000 kwa 90 kisha tunazidisha kwa 100, na kupata Sh20,000.

Tofauti ni Sh200 pekee, na huenda ikaonekana ndogo. Lakini mkulima anayeuza mara kwa mara asijue kukagua hesabu hiyo hana njia ya kutambua siku atakayopunjwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kosa la aina hiyo hiyo hutokea kwenye ushuru wa thamani ya ziada, maarufu kama VAT. Bidhaa inapouzwa kwa Sh1,160 pamoja na ushuru wa asilimia 16, watu hutafuta asilimia 16 ya Sh1,160 na kupata Sh185.60. Ukweli ni kwamba ushuru ni Sh160, kwa sababu hutozwa juu ya bei ya awali ya Sh1,000. Sh1,160 si asilimia 100, bali ni asilimia 116.

Kushuka na kupanda si sawa

Bei ya nyanya hubadilika haraka kuliko ya mazao mengi, kwa kuwa nyanya hazihifadhiki kwa muda mrefu. Kimana, ambako mashamba hunyunyiziwa maji ya chemchemi zilizo chini ya Mlima Kilimanjaro, wakulima wengi wanaweza kuvuna kwa wakati mmoja na bei ikaporomoka.

Tuseme kreti iliyouzwa Sh4,000 imeshuka bei kwa asilimia 50. Sasa inauzwa Sh2,000. Mwezi unaofuata bei inapanda kwa asilimia 50. Je, imerejea ilikokuwa?

La. Asilimia 50 ya Sh2,000 ni Sh1,000, kwa hivyo bei mpya ni Sh3,000. Ili irejee Sh4,000, ni lazima ipande kwa asilimia 100. Asilimia 50 ya kwanza ilikuwa ya Sh4,000, na ya pili ilikuwa ya Sh2,000. Tarakimu ni ile ile, lakini msingi wake umebadilika.

Kwa mfugaji, jambo hili lina uzito mkubwa zaidi. Kajiado ni miongoni mwa kaunti zilizoathiriwa vibaya na ukame wa mwaka 2009 na ule ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hadi 2023. Chukua mfano wa familia iliyokuwa na ng'ombe 40, ukame ukaua 30. Familia hiyo imepoteza asilimia 75 ya mifugo yake na kubaki na ng'ombe 10.

Ili irudi kwa ng'ombe 40, kundi hilo la 10 linapaswa kuongezeka kwa 30 wengine, ambao ni asilimia 300. Hata kama kundi lingekua kwa asilimia 20 kila mwaka, bila kuuzwa wala kuchinjwa hata mmoja, ingechukua zaidi ya miaka saba kufikia idadi ya awali. Anayesikia kwamba mifugo "imeongezeka kwa asilimia 20" mwaka mmoja baada ya ukame anaweza kudhani kwamba hali imetengemaa. Mwenye ng'ombe anajua kwamba ana 12 mahali palipokuwa na 40.

Asilimia zinazojumlishwa na zisizojumlishwa

Je, asilimia zinaweza kujumlishwa? Ndiyo, iwapo zote ni za kitu kimoja.

Tazama hati ya mshahara ya mfanyakazi anayelipwa Sh30,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mchango wa Bima ya Afya ya Jamii, ulioanza kukatwa Oktoba 2024, ni asilimia 2.75 ya mshahara, yaani Sh825. Ada ya nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5, yaani Sh450. Makato hayo mawili yana msingi mmoja, ambao ni mshahara kamili. Kwa hivyo inaruhusiwa kujumlisha 2.75 na 1.5, kupata asilimia 4.25, na kuhesabu mara moja tu: Sh1,275.

Sasa tazama duka linalotangaza punguzo la asilimia 20, kisha punguzo jingine la asilimia 10 kwa anayelipa taslimu. Mteja anaweza kudhani kwamba amepunguziwa asilimia 30. Viatu vya Sh2,000 vikipunguzwa kwa asilimia 20 vinakuwa Sh1,600. Asilimia 10 inayofuata ni ya Sh1,600, si ya Sh2,000, yaani Sh160. Mteja atalipa Sh1,440. Amepunguziwa Sh560, sawa na asilimia 28.

Asilimia na pointi

Mkanganyiko mwingine huzuka pale asilimia yenyewe inapobadilika. Mnamo Aprili 2020, wakati wa janga la Covid-19, serikali ya Kenya ilipunguza VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Kiwango hicho kilirejeshwa kuwa asilimia 16 kuanzia Januari 1, 2021.

Je, ushuru ulipungua kwa asilimia 2? Ulipungua kwa pointi 2 za asilimia, kwa kuwa 16 ukitoa 2 ni 14. Lakini ushuru wenyewe, ukilinganishwa na ulivyokuwa, ulipungua kwa 2 kati ya 16, ambayo ni asilimia 12.5.

Bei aliyopaswa kulipa mnunuzi nayo ilikuwa na hesabu yake. Bidhaa iliyouzwa Sh116 pamoja na ushuru ilipaswa kuuzwa Sh114. Hilo ni punguzo la asilimia 1.7 hivi. Mnunuzi aliyetarajia bei ishuke kwa asilimia 2 kamili alikuwa amekosea kidogo, na aliyetarajia asilimia 12.5 alikuwa amekosea sana.

Julai 2023, VAT ya mafuta ya petroli iliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Msemaji mmoja angeweza kudai kwamba ushuru umepanda kwa pointi 8, na mwingine akalalamika kwamba umepanda kwa asilimia 100. Wote wawili wangekuwa wakisema kweli. Wa kwanza anatoa tarakimu moja kutoka kwa nyingine. Wa pili anauliza ushuru umezidi ule wa awali kwa kiasi gani. Msikilizaji asiyejua tofauti hiyo hubaki akidhani kwamba mmoja wao ni mwongo.

Riba ya mwezi si riba ya mwaka

Pengine hakuna mahali ambapo kutoielewa asilimia huumiza kama kwenye mikopo. Mkopeshaji akisema riba yake ni asilimia 10 na mwingine akasema yake ni asilimia 14, mkopaji asiye makini hukimbilia ya kwanza. Swali la kuuliza ni hili: asilimia 10 kwa muda gani?

Wakopeshaji wa mitaani, wanaojulikana kama shailoki, aghalabu hutoza riba kwa mwezi. Kwa upande mwingine, benki hutaja riba kwa mwaka. Kwa mfano, sheria ya kudhibiti riba iliyoanza kutekelezwa Septemba 2016 na kuondolewa Novemba 2019 iliweka kikomo cha pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Kenya. Kiwango hicho kilipokuwa asilimia 10, benki haikuruhusiwa kutoza zaidi ya asilimia 14 kwa mwaka mzima.

Mtu aliyekopa Sh10,000 kwa asilimia 10 kila mwezi, asilipe chochote, atadaiwa Sh11,000 baada ya mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili riba haihesabiwi tena kwa Sh10,000, bali kwa Sh11,000, na deni linakuwa Sh12,100. Mwezi wa tatu ni Sh13,310. Baada ya miezi 12 deni linafikia takriban Sh31,384.

Riba pekee ni zaidi ya Sh21,000, yaani asilimia 214 hivi ya fedha zilizokopwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki si cha mkopaji.

Mikopo ya simu nayo inahitaji hesabu kama hiyo. Huduma ya M-Shwari ilipozinduliwa Novemba 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Aliyekopa Sh10,000 alilipa ada ya Sh750. Ada hiyo ni nafuu kwa mtu mwenye dharura ya mara moja. Lakini aliyekopa kiasi hicho na kukilipa kila mwezi kwa mwaka mzima alilipa ada ya Sh9,000, sawa na asilimia 90 ya fedha hizo.

Kura na idadi ya watu

Umuhimu wa kuuliza "asilimia ya nini" ulidhihirika mbele ya Mahakama ya Juu ya Kenya mwaka 2013. Kifungu cha 138 cha Katiba ya 2010 kinataka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kwa kuwa kaunti ni 47, zaidi ya nusu ni kaunti 24.

Katika uchaguzi wa Machi 2013, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilimtangaza Uhuru Kenyatta mshindi kwa kura 6,173,433. Jumla ya kura, pamoja na zilizokataliwa, ilikuwa 12,330,028. Kwa msingi huo, alikuwa na asilimia 50.07, akivuka nusu kwa kura 8,400 na ushei.

Mahakama iliombwa iamue, miongoni mwa mambo mengine, iwapo kura 108,975 zilizokataliwa zilipaswa kuingizwa katika hesabu. Majaji waliamua kwamba hazipaswi. Zikiondolewa, kura halali zinabaki 12,221,053, na kura zile zile 6,173,433 zinakuwa asilimia 50.51.

Mshindi hakuongezewa kura hata moja. Kilichobadilika ni kiasi kizima, na asilimia ikabadilika nayo. Mawakili na majaji wa mahakama ya juu kabisa nchini walikuwa wakijadili swali ambalo mwalimu wa shule ya msingi humwuliza mwanafunzi wake: unagawanya kwa nini?

Takwimu za idadi ya watu zinafundisha jambo jingine. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 Kajiado, na ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Ongezeko la watu 430,528 likigawanywa kwa idadi ya 2009 ni asilimia 62.6. Katika kipindi hicho, idadi ya Wakenya wote iliongezeka kwa asilimia 23.2, kutoka 38,610,097 hadi 47,564,296.

Anayegawanya ongezeko hilo la Kajiado kwa idadi ya 2019 atapata asilimia 38.5, na atakuwa amekosea, kwa sababu ukuaji hupimwa kwa idadi ya mwanzo.

Katika miaka hiyo hiyo Nairobi ilikua kwa asilimia 40.1, kiwango kilicho chini ya kile cha Kajiado. Je, ina maana kwamba Nairobi ilipata watu wachache? Hasha. Iliongeza watu 1,258,704, karibu mara tatu ya ongezeko la Kajiado, kwa kuwa ilianza na zaidi ya milioni tatu. Asilimia huonyesha kasi ya ukuaji, lakini haionyeshi idadi ya watu wanaohitaji maji, shule na zahanati. Mpangaji anahitaji kuona tarakimu zote mbili.

Mzazi na mwalimu wafanye nini?

Mtoto huelewa asilimia upesi zaidi anapoiona katika vitu anavyovijua. Mzazi anaweza kumpa risiti ya dukani na kumtaka atafute ushuru ulio ndani ya bei. Anayefuga anaweza kumwuliza mwanawe ni asilimia ngapi ya mbuzi waliozaa mwaka huu. Anayelima anaweza kumkabidhi daftari la mauzo na kumtaka akague ada ya dalali.

Kabla ya mtoto kushika kikokotoo, aulizwe kwanza maswali matatu. Kiasi kizima ni kipi? Je, tarakimu niliyopewa ni sehemu, ni kiasi kizima, au ni kile kinachobaki baada ya makato? Na je, jibu nililopata linaingia akilini? Anayepata kwamba kreti 120 zimeharibika kati ya 80 atajua papo hapo kwamba amekosea mahali.

Maswali hayo hayo yanamfaa mtu mzima anayetia sahihi mkataba wa mkopo, anayesikiliza ahadi ya mwanasiasa au anayesoma bei kwenye bango la duka. Anayeahidi kuongeza mapato kwa asilimia 200 aulizwe mapato hayo ni shilingi ngapi leo. Aliye na Sh100 akiongezewa asilimia 200 atakuwa na Sh300, fedha ambazo hazimalizi hata siku moja sokoni Kimana.